Shule ya Walionyolewa

Mwanzoni mwa muhula huu nilimnyoa mpwa wangu, binti wa mdogo wangu, kabla hajaanza darasa la kwanza. Vinyozi wako tele hapa mtaani, lakini mtoto aliogopa mlio wa mashine, kwa hiyo nilimkalisha kwenye kigoda uani, nikamlowesha kichwa, nikampaka povu la sabuni ya mche na kuchukua wembe mpya. Harufu ikapanda: nywele mbichi, sabuni, na ule ukali mdogo wa chuma. Nikauweka wembe chini. Nilimwambia mtoto kwamba nimesahau taulo, nikaingia jikoni, nikasimama karibu na jiko nikingoja moyo utulie. Nina umri ambao mtu hatarajii kuogopa sabuni. Lakini hofu ile niliijua tangu zamani, nilijua ilikotoka, na kwa kuwa ni tabia yangu kuyapanga mambo kwa mfuatano hadi niyaelewe, nitaipanga hapa.

Tuliishi Katwe, mtaa wa Kampala, katika chumba kilichopakana na karakana za bati. Wazazi wangu walikuwa Wakenya, Waluhya, waliovuka mpaka kutafuta riziki kabla sijazaliwa. Baba aliuza spea za baiskeli sokoni Nakivubo. Mama alikaanga mandazi uani na kuwauzia mafundi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na kwa kuwa Katwe nzima ilizungumza Kiganda, mengi niliyoyasikia nje niliyaelewa nusu, nayo nusu iliyobaki niliijaza mwenyewe.

Kabla ya umri wa kwenda shule nilipelekwa kwetu, ng'ambo ya mpaka, kumzika babu. Mazishi yenyewe sikuyaona, kwani watu walikuwa warefu na mimi niliona magoti tu. Nilichokiona ni kile kilichofuata siku chache baadaye. Wafiwa waliketi uani asubuhi, wakaitwa mmoja mmoja, wakanyolewa. Baba alinyolewa. Shangazi zangu, waliokuwa wamesukwa vizuri, walifumuliwa wakanyolewa. Mwishowe nyanya, mama mzazi wa baba, aliniweka katikati ya magoti yake akaninyoa mwenyewe.

“Usiongee,” aliniambia. “Wakati wa wembe mtu haongei.”

Niliongea. Niliuliza kwa nini tunanyolewa.

“Nywele hizi zilimwona babu yako akiwa hai,” alisema. “Zimeondoka naye. Zitakazoota ni nyingine.”

Nilikuwa mtoto wa kupenda kanuni, na hii ilikuwa kanuni ya kwanza kupewa ambayo niliweza kuihakiki kwa macho yangu. Nilizunguka uani nikiihakiki. Waliolia usiku walikuwa na vichwa vitupu. Majirani waliokuja kula tu walikuwa na nywele zao. Haikuwa na kasoro hata moja.

Tuliporudi Kampala nikaanza kuwaona. Asubuhi, katika barabara ya kupanda kilima cha Mengo, walipita watoto wa shule makundi kwa makundi, wavulana na wasichana, wote wamenyolewa hadi ngozi inang'aa. Sikuwa nimewatilia maanani kabla ya hapo. Sasa mama aliponipitisha katikati yao akienda kununua unga, nilishika gauni lake kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimejua kwamba waliokufa ni wengi kiasi hicho. Nikaona pia kwamba sare zilitofautiana rangi, na kwa kuwa kila tofauti lazima iwe na maana, niliamua kwamba wenye sare za samawati walifiwa na baba, na wenye kijani walifiwa na mama.

Kulikuwa na kundi la tatu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa, mafundi wa jirani zetu waliacha kutengeneza majiko na kugongagonga masanduku ya bati kutwa nzima. Yalipangwa kandokando ya barabara, mekundu, ya bluu, ya kijani, yakinuka rangi mbichi. Wazazi walikuja kuyanunua, kisha yalipakiwa kwenye pikapu pamoja na magodoro, na juu ya magodoro waliketi watoto walionyolewa, wakapelekwa mbali. Hao, niliamua, hawakubakiwa na mtu yeyote. Ndiyo maana walibeba kila walichokuwa nacho. Na waliowapeleka walikuwa majirani wema tu.

Mimi nilisoma chekechea katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa letu, pale Wakenya walipokutana Jumapili. Huko wasichana wote tulisukwa. Kwa hiyo nililala salama. Shule yangu ilikuwa ya watoto wenye watu.

Kisha baba akasafiri kwenda Kenya kuleta mzigo wa spea. Jioni ya kuamkia safari mama alinisuka mistari, na baba aliketi karibu akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

“Huo wa kushoto umelewa,” alisema.

“Suka wewe basi, fundi wa pedeli.”

“Nasema tu. Mtoto atatembea kwa pembe.” Akaniinua kidevu. “Wewe, mistari hii haitafumuka kabla sijarudi. Unasikia? Ikianza kufumuka, tazama barabarani, utaniona.”

Niliichukua ahadi hiyo kama nilivyochukua kila kitu, neno kwa neno. Mistari ikaanza kufumuka. Nilitazama barabarani, sikumwona. Redio ya fundi ilisema serikali mbili zimegombana na mpaka umefungwa, kisha wapita njia wakasema umefunguliwa, kisha umefungwa tena. Mama alikwenda kwenye kituo cha mabasi ya Busia, mji wa mpakani, na kurudi bila habari. Nilianza kulala na kitambaa kichwani, nimekifunga kwa nguvu hadi masikio yaniume, ili mistari isifumuke yote.

Wakati huohuo chekechea ikaniishia. Haikuwa na darasa la kwanza, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Baba na mama walikuwa wamekubaliana kwamba shule itatafutwa baba akirudi. Sasa mama alilazimika kuitafuta peke yake, na hakuzijua shule za Kampala. Akamuuliza jirani yetu Nnalongo, mama wa mapacha, mwanamke wa Kiganda mwenye mwili mkubwa na huruma nyingi, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni. Walikaa kwenye mkeka wakimenya ndizi. Mimi nilikuwa mlangoni, na hakuna aliyenijali.

“Nnyabo, shule hapa iko mingi,” alisema Nnalongo, akimwita mama ‘bibi’ kwa Kiganda. “Iko ya serikali. Iko ya kanisa, lakini serikali nasaidia. Iko ya musikiti. Iko ya mutu binafsi, yeye najenga kwa nyumba yake. Hiyo ya binafsi, leo iko shule, kesho mwenyewe nafunga, naweka kuku.”

“Na ile ya kambi ya jeshi?”

“Ya batoto ya basirikale. Bwana yako ni sirikale?”

“Hapana.”

“Kale, basi! Wacha kambi. Peleka ya kanisa, pale Mengo. Nasoma muzuri, na jioni narudi nyumbani. Bweni wacha kwanza, bweni ni ya mutu yenye hana namna. Lakini kichwa nanyoa. Hiyo lazima. Kama hapana nyoa, mulangoni narudisha.”

Mama akamenya ndizi nyingine. Kisha akasema, “Sawa.”

“Na bwana? Habari iko?”

“Hakuna, Nnalongo.”

“Bambi,” alisema Nnalongo, kwa sauti ya chini kabisa, na akaweka kisu chini.

Bambi nililijua. Ni neno la Kiganda la kumhurumia mtu, na nilikuwa nimelisikia kwa wenye msiba. Mlangoni pale mambo yakajipanga yenyewe. Kuna shule ambayo haimpokei asiyenyolewa. Mama ameulizwa kama anaweza kunipeleka huko, naye amesema sawa. Asingeweza kusema sawa kama hakukuwa na sababu.

Kesho yake aliniketisha kwenye kigoda. Alifumua mistari iliyobaki taratibu, mmoja mmoja, na alipofika ule wa kushoto alikaa ameushika muda mrefu. Nilisikia pumzi yake. Kisha akalowesha, akapaka sabuni, na harufu ile ikashuka usoni mwangu. Tone moja liliniangukia shingoni, lilikuwa vuguvugu, wakati maji ya beseni yalikuwa baridi. Sikuuliza kitu. Wakati wa wembe mtu haongei. Niliziona nywele zikianguka mapajani, zile zilizomwona baba akiwa hai, na niliona aibu kwamba mikono yangu haikuweza kuzirudisha.

Shuleni tulisimama mistarini nje ya jengo la zamani la matofali, na mbele yangu vikaenea vichwa vitupu hadi mwisho wa uwanja. Ninyi mliosoma Kampala mnaikumbuka picha hiyo na pengine mnacheka. Mimi niliona watoto waliofiwa, wengi kuliko watu wote niliowahi kuwaona mahali pamoja. Na walikuwa wakisukumana, wanacheka, wanaibiana kalamu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba walikuwa wamezoea. Niliogopa kwamba nami, nikikaa hapo, nitazoea.

Kulikuwa na msichana mmoja tu mwenye nywele, binti wa Mhindi muuza vitambaa, aliyekuwa na msokoto mmoja mnene hadi kiunoni. Asubuhi baba yake alimleta kwa gari. Nilimwona baba huyo kwa macho yangu, mzima, ana tumbo. Kanuni ya nyanya ikasimama imara kama siku ya kwanza.

Darasani niliwekwa dawati moja na Akello. Alikuwa mkubwa kuliko mimi kidogo, Mwacholi wa kaskazini, aliyeishi na mjomba wake katika nyumba za polisi. Naye hakujua Kiganda vizuri, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, ambacho Kampala kilikuwa lugha ya askari, na kwa kosa hilo wenzetu walitupigia saluti kila tulipopita. “Jambo afande!” walipiga kelele. “Afande, usitupige risasi!” Akello alikuwa akiwarudishia saluti kwa uso mkavu, kwa mguu kugonga chini kabisa, hadi wakachoka kwa siku hiyo. Nilimheshimu kwa hilo.

Siku moja wakati wa uji nilipata ujasiri wa kumuuliza.

“Nani wako alikufa?”

Hakushangaa. Alifuta mdomo kwa mkono. “Baba. Ilikuwa mujeshi. Walipiga yeye risasi kule Gulu.” Kisha akanitazama kichwa hadi viatu. “Na wewe?”

Sikuwa nimelitamka neno hilo hata ndani ya kichwa changu. “Baba,” nilisema.

“Risasi?”

“Sijui. Mama hajasema.”

“Watu kubwa hapana sema,” alisema Akello, na akanimiminia nusu ya uji wake.

Kuanzia hapo kula kukanishinda. Mwalimu wetu, tuliyemwita Madamu, aliniuliza mbele ya darasa kwa nini sili wala siandiki, naketi tu. Kabla sijajibu Akello alisimama. “Madamu, baba yake alikufa.” Alisema hivyo kwa wema, kama mtu anayemwekea mwenzake kiti. Darasa zima likageuka kunitazama. Hakuna aliyetupigia saluti tena. Nilielewa kwamba sasa imekuwa kweli, kwa sababu hata wakorofi wameiamini.

Jumamosi hiyo Madamu alikuja nyumbani. Alikuja na mwalimu mwenzake, wamevaa magomesi, yale magauni marefu ya heshima ya Kiganda, wamebeba sukari na sabuni ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mama alikuwa kwenye karai la mandazi. Walimu wakapiga magoti kwenye mkeka, kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimia, na Madamu akasema, “Kitalo nnyo, nnyabo. Kitalo.”

Neno hilo huambiwa aliyefiwa tu. Mama alilijua. Kijiko chake cha matundu kilitumbukia kwenye mafuta, na mafuta yakaruka hadi miguuni mwake, wala hakusogea.

“Mmepata wapi habari?” aliuliza. Sauti ilitoka kavu. “Nani amewaletea? Amekufa wapi?”

Walimu wakatazamana. “Nnyabo... mutoto ndiyo alisema. Shule yote naomba Mungu kwa ajili yenu.”

Mama akanigeukia. Sijawahi kuuona uso ule tena, na sitaki kuuona.

“Nani amekuambia baba yako amekufa?”

“Ni wewe,” nilisema.

“Mimi? Lini?”

“Uliponinyoa.”

Mandazi yalikuwa yakiungua na hakuna aliyeyatoa. Mama aliketi chini palepale mchangani. Akaanza kucheka, akifunika mdomo, mabega yakitikisika. “Hakuna msiba, Madamu,” alisema. “Samahani sana. Kwetu tunanyoa tukifiwa. Mtoto ameona nywele tu. Hakuna msiba hapa.” Walimu nao wakaanza kucheka kwa aibu, Madamu akijigonga paji la uso na kusema, “Banange!” Kisha, kwa nia njema kabisa, akauliza, “Kale, na bwana mwenyewe iko wapi?”

Kicheko cha mama kikakatika. Machozi yakamtoka. Walimu wakaacha kikapu chao na kuondoka wakiwa wameinama.

Jioni alinielezea. Alinieleza vizuri, na leo nikiyarudia maneno yake sioni kosa ndani yake. Alisema shule nyingi za Uganda hunyoa kila mtoto, kwa ajili ya usafi, chawa, na ili mwenye uwezo na asiye na uwezo wafanane. Haina uhusiano na msiba. Ni sheria ya shule kama sare.

“Na yule Mhindi?”

“Yule wamemwachia. Ni mila yao.”

“Na Akello?”

“Akello nani?”

“Amenyolewa. Na baba yake alikufa.”

Mama akainuka kuwasha taa. Nami nilikuwa nimemwona akilia alipoulizwa baba yuko wapi. Nilipima maelezo yake upande mmoja na machozi yake upande wa pili, na machozi yakawa mazito zaidi.

Nilipoacha shule kabla ya wakati wake na kuanza kujisomea peke yangu, nilijifunza shule hizo zinavyopangwa, na wakati fulani niliwaeleza wazazi wengine kwa saa nzima bila kuchoka. Nyingi za zile kongwe zilianzishwa na makanisa na misikiti, kisha serikali ikaanza kuwalipa walimu, huku mwanzilishi akibaki na sauti yake ndani ya uwanja. Nyingine ni za serikali tangu msingi. Za binafsi ni kuanzia banda la mbao hadi majengo yenye bwawa la kuogelea, na huko kwenye mabwawa ndiko mara nyingi watoto huachiwa nywele. Kambi za jeshi na polisi zina zake. Na katika aina zote hizo kuna za kutwa, za bweni, na zenye vyote viwili. Ni mpangilio rahisi. Mtoto wa miaka saba angeweza kuuelewa, kama si kwamba tayari alikuwa na mpangilio mwingine, uliokamilika, na kila alichokiona kiliuthibitisha.

Siku chache baada ya walimu kuja, nilimsikia mama akimwambia Nnalongo, “Mpaka ukifunguliwa naenda kumtafuta mwenyewe. Siwezi kukaa hivi. Huyu nitamweka bweni mpaka nirudi. Sina namna.”

Kesho yake fundi wa jirani alikuja na kamba kunipima urefu, akitania kwamba anataka kujua kama nitaingia sandukuni. “Rangi gani, mukyala?” aliniuliza, akiniita mama mwenye nyumba. Sikumjibu. Nyundo ikaanza. Iligonga kutoka asubuhi hadi nilipotoka shule, na nilipofika nyumbani sanduku lilikuwa limeegemezwa ukutani kwetu, la bluu, rangi haijakauka. Niliwajua watoto wa masanduku. Niliwaona kwenye magodoro. Walikuwa wamefiwa na wote wawili. Kwa hiyo sasa ilikuwa zamu ya mama, na yeye mwenyewe hakujua, alikuwa akiimba akichota unga.

Sikumwacha tena. Nilimfuata chooni, nikasimama nje ya mlango. Nilimfuata kwa Nnalongo. Usiku nilifunga pindo la shuka yangu kwenye gauni lake. Alipochukua jerikeni kwenda bombani alasiri moja nililia hadi akanikemea, akaniambia nikae nilinde mandazi, ni hapo tu, nitamwona kichwa chake kutoka mlangoni. Kichwa kilionekana kidogo, kisha lori la mabati likasimama katikati, sikukiona tena. Niliketi juu ya sanduku la bluu. Nilikaa wima, mikono magotini, kama wale wa kwenye pikapu, kwa sababu nilidhani zamu ya mama imeshafika.

Mtu akaingia uani. Alivaa kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, ana begi begani, amekonda. Nilimtambua kwa viatu. Nilibaki nimekaa juu ya sanduku.

Baba alinitazama. Alitazama kichwa changu kitupu, sanduku chini yangu, mlango wazi, chumba kisicho na mtu. Begi likaanguka na spea zikalia ndani yake.

“Mama yako yuko wapi?” alisema.

Niliitazama kofia yake.

“Mama yako yuko wapi!” Alikuwa anapiga kelele sasa, ameshika mabega yangu, na nikaona katika uso wake kile nilichokuwa nikikibeba mimi tangu siku ya wembe. Kofia ilikuwa imemteleza. Chini yake kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, nywele ndiyo kwanza zinaanza kuchomoza.

“Nani amekufa?” nilimuuliza.

“Nani amekufa?” aliniuliza yeye, maneno yaleyale, tumeshikana.

Mama aliingia na jerikeni kichwani. Alisimama. Aliishusha chini polepole, bila kumwaga tone, akaja akamshika baba usoni kwa mikono yenye maji. Baba alimwangalia, akaniangalia mimi, akarudi kwake. “Mtoto,” alisema, “kichwa cha mtoto...”

“Ni shule,” mama alisema. “Ni shule tu. Na chako?”

Baba akakaa kwenye sanduku. “Mama ametuacha,” alisema. “Nilifika nikamkuta hawezi kunyanyuka. Tumemzika. Halafu mpaka ukanifungia huko.”

Nyanya. Yule aliyenipa kanuni. Nilijaribu kulia kwa ajili yake, nikashindwa, kwa kuwa nilikuwa natazama vidole vya baba vikitembea, na furaha na hofu vilikuwa vimenijaa pamoja hadi hakuna nafasi.

Kabla jua halijazama mama alileta kigoda, beseni na sabuni. Alifungua kitambaa chake, akafumua nywele, akaketi. Baba alimnyoa hapo uani, taratibu, na Nnalongo alisimama mlangoni kwake, mkono mdomoni. Hakuna aliyeongea. Alipomaliza, baba aliugeuza wembe kunielekea mimi, akanitazama kichwa, kisha akaufuta na kuukunja kwenye karatasi. “Wewe tayari,” alisema. Aliketi karibu nami akanipapasa utosi. “Hizi zilizotoka zilimwona nyanya akiwa hai. Haidhuru ni nani aliyezinyoa.”

Sanduku la bluu lilibaki kwetu. Mama alilitumia kuwekea unga.

Jumatatu nilimwambia Akello kwamba baba amerudi. Nilikuwa nimeogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa kitu kingine wiki ile. Hakukasirika. Aliacha kunywa uji, akafikiri, na nikaona uso wake mkavu wa saluti ukilegea polepole.

“Alikuwa amekufa,” alisema, “na alirudi.”

“Ndiyo.”

“Alipita wapi?”

“Busia. Mpaka ulikuwa umefungwa. Ukafunguliwa.”

Aliweka kikombe chake chini.

“Na hiyo njia ya Gulu,” aliniuliza, “nayo imefungwa?”

Kengele ililia. Tukaenda kusimama mstarini na wengine, kichwa chake na changu sawasawa.